Kupiga Picha Siku ya Mvua na Mawingu: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Malalamiko huwa ni yale yale matatu. Picha imetoka ya kijivu kama maji ya kufulia. Anga limekuwa jeupe pepepe, halina hata alama ya wingu. Na mvua yenyewe haionekani, ingawa mpigaji amerudi amelowa chapachapa.

Mara nyingi kamera haina kosa. Siku ya jua unaweza kulipa jua mgongo, ukaweka anga nusu ya fremu, ukabonyeza na picha ikatoka. Siku ya mawingu tabia hizo hizo ndizo zinazoharibu: anga linakuwa doa kubwa jeupe, na mvua inayomulikwa kutoka upande wako inapotea. Hatua zifuatazo zinaanza na kinga ya vifaa, kisha zinageuza tabia hizo mbili, halafu zinaingia kwenye fokasi (kuilenga lenzi ili kitu kionekane wazi), madimbwi, usiku na kukausha. Zinamfaa mwenye kamera na mwenye simu. Palipo na tofauti, imeelezwa.

## Andaa vifaa hivi kwanza

- Kamera au simu iliyochajiwa hadi ikajaa. Kufungua mlango wa betri kwenye mvua ni kuyakaribisha maji.
- Mfuko wa plastiki angavu unaotosha kufunika kamera na lenzi, pamoja na rababendi 2.
- Kikingio cha lenzi, yaani lile gamba linalochomekwa mbele ya lenzi. Kwa mvua kina faida kuliko filta yoyote.
- Vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua 3, kila kimoja ndani ya kifuko chake. Kimoja kikishalowa, kazi yake ni kusambaza maji tu.
- Taulo dogo la pamba la kukaushia mwili wa kamera. Lisiguse kioo cha lenzi.
- Mwavuli mkubwa mweusi au wa kijivu. Mwavuli mwekundu hutia wekundu kwenye uso wa mtu aliye chini yake.
- Vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.
- Filta ya polaraiza, yaani kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, na stendi ya miguu mitatu, kama unazo. Bila hizo bado utafanya karibu kila kitu kilichomo humu.
- Viatu visivyoteleza.

## Hatua ya 1: Vika kamera koti ukiwa bado ndani

1. Toboa kitako cha mfuko tundu dogo kidogo kuliko mdomo wa kikingio cha lenzi. Tundu likiwa dogo, plastiki itabana yenyewe.
2. Pitisha lenzi, funga rababendi juu ya kikingio, kisha punguza plastiki yoyote iliyochungulia mbele ya kioo. Kipande cha sentimita moja kikining'inia hapo kitaleta wingu la ukungu kwenye kona ya picha.
3. Acha mdomo wa mfuko ukiwa wazi upande wa chini. Mikono inaingia hapo. Usiuzibe, kwa sababu joto la mikono na la kamera hutengeneza mvuke, na mvuke uliofungiwa hugeuka matone ndani ya mfuko wenyewe.
4. Chagua lenzi kabla ya kutoka na usiibadilishe nje. Tone moja likitua kwenye kihisi cha picha, siku imekwisha.

Lenzi za kuvuta, zile zinazorefuka unapokuza picha, zihurumie zaidi. Zinaporefuka hufyonza hewa, na maji yaliyokaa kwenye shingo ya lenzi huingia zinaporudi. Futa shingo hiyo kabla ya kuirudisha ndani.

Kwa simu: alama ya kuhimili maji ya IP68 au IP67 haimaanishi simu haiingii maji milele. IP67 hupimwa kwa kuizamisha simu kwenye maji yasiyo na chumvi yenye kina cha mita 1 kwa dakika 30, ikiwa mpya. Simu iliyowahi kuanguka au kufunguliwa na fundi haina tena hakika hiyo. Maji ya chumvi ni habari nyingine kabisa. Jambo moja linalosumbua kila mtu ni kioo cha simu kilicholowa kudhani matone ni vidole. Dawa yake ni kutumia kitufe cha sauti kubonyezea picha.

Umefaulu ikiwa unaweza kuinamisha kamera, kuangalia kwa jicho, kubadili mipangilio na kubonyeza bila kuondoa plastiki.

## Hatua ya 2: Tafuta mwanga unatoka wapi

Watu husema siku ya mawingu haina mwanga. Ina mwanga, kilichopungua ni ukali wake. Mawingu yaliyotanda huutawanya mwanga wa jua kutoka pande zote, vivuli vinalainika, na mwanga wenyewe hupungua hadi kama sehemu moja ya nane ya ule wa jua kali. Mvua ikikolea hushuka hata sehemu moja ya ishirini.

Hata hivyo mwanga huo bado una upande. Nyoosha kiganja mbele yako na uzunguke polepole. Kuna mahali vidole vitaonekana vina umbo, upande mmoja ukiwa mweupe zaidi kuliko mwingine. Huko ndiko mwanga unakotoka.

Kwa picha ya mtu, usimsimamishe katikati ya uwanja. Hapo mwanga unamshukia kutoka juu, na macho yake yanakuwa mashimo meusi. Msogeze chini ya baraza, mlangoni au chini ya paa lolote, hatua moja hadi mbili kutoka ukingoni, akitazama nje. Paa linazuia mwanga wa juu, ule wa pembeni unaingia machoni. Ukiona alama ndogo nyeupe ya anga ikimetameta katika mboni zake, mahali ni hapo.

Vitu vinavyopenda mwanga huu kuliko jua ni nyuso, maua, msitu, nguo zenye nakshi, magome ya miti, kuta za zamani na barabara ya lami. Mandhari pana ya milima na bonde, kusema kweli, hayafai mpaka mawingu yawe na mafungu. Usipoteze muda nayo siku ambayo anga limepakwa rangi moja.

Na uwahi nyakati mbili muhimu: dakika chache kabla mvua haijashuka, wingu likiwa zito upande mmoja na nuru bado ipo upande wa pili, na dakika 10 za kwanza baada ya kukatika, kila kitu kikiwa bado kinang'aa. Wengi huwa wamejificha wakati wa kwanza na wamekwisha ondoka wakati wa pili.

## Hatua ya 3: Toa anga kwenye fremu

Hii ndiyo hatua inayobadilisha picha nyingi zaidi kwa juhudi ndogo zaidi.

Anga la mawingu linang'aa mara nyingi kuliko ardhi iliyo chini yake. Kamera inapopima mwangaza huona weupe huo na kupunguza mwanga wa picha nzima. Anga linakuwa la kijivu, watu na majengo wanakuwa giza. Ukiongeza mwanga ili watu waonekane, anga linaungua na kubaki jeupe tupu. Hakuna mpangilio utakaokuokoa. Tatizo liko kwenye fremu.

Jiulize swali moja: anga hili lina umbo?

- Halina. Inamisha kamera mpaka anga litoke lote. Panda ngazi au kibaraza upige kuelekea chini. Sogea karibu. Tumia ukuta, miti au mlima kama mandhari ya nyuma. Likibaki kipande kidogo, kifiche kwa tawi, mwavuli au ukingo wa paa.
- Lina mafungu, mikunjo, au mstari wa mvua unaoshuka mbali. Hapo lipe theluthi mbili za fremu na upime mwangaza kwenye anga lenyewe, ardhi iwe nyeusi. Ulipe nafasi kubwa au usilipe kabisa. Nusu kwa nusu ndiyo inayozaa picha zisizosema lolote.

Kipimo cha haraka: kunja macho kidogo huku ukitazama kioo cha kamera. Ikiwa kitu cha kwanza unachoona ni doa jeupe na si yule unayempiga, anga bado lipo.

## Hatua ya 4: Panga mwangaza na rangi

ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Upenyo ni tundu la lenzi, na namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Kasi ya shata ni muda wa kuingiza mwanga, kwa sehemu za sekunde. Anza na namba hizi, kisha rekebisha kulingana na mahali ulipo:

- Mawingu bila mvua: ISO 200, upenyo f/4, kasi ya shata 1/500.
- Mvua ya wastani mchana, unataka michirizi: ISO 200, f/5.6, 1/125.
- Mvua ya wastani mchana, unataka matone yagande hewani: ISO 1600, f/4, 1/1000.
- Chini ya paa au ndani ya msitu: ISO 800 hadi 1600, f/2.8, 1/125.

Usiogope ISO kubwa. Picha ya ISO 1600 iliyopata mwanga wa kutosha huwa na chenga chache kuliko picha ya ISO 400 iliyopigwa gizani kisha ikaangazwa kwenye kompyuta. Wengi hufanya hiyo ya pili kwa kudhani wanaokoa ubora.

Fidia ya mwangaza. Kamera hujaribu kufanya kila kitu kiwe kijivu cha kati. Ukungu, maji yanayong'aa na anga jeupe vitageuzwa kijivu usipoingilia. Kwa mandhari yenye weupe mwingi, weka kitufe cha +/- kwenye +0.7 hadi +1. Kwa kitu cheusi, kama lami iliyolowa au msitu mnene, nenda upande wa pili, −0.3 hadi −0.7, la sivyo weusi utafifia na picha ikose uzito.

Urari wa weupe. Mwanga wa mawingu una ubuluu. Mpangilio wenye alama ya wingu, ambao kwa kamera nyingi ni takriban 6000 K (kelvini, kipimo cha joto la rangi), huirudishia ngozi joto lake. Ila usiusafishe ubuluu kila mara. Barabara tupu ya alfajiri ikipoteza ubuluu wake imepoteza mvua pia. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ili uamuzi huo usubiri nyumbani.

Kwa simu: gusa na ushikilie juu ya kitu unachopiga mpaka fokasi na mwangaza vifungwe, kisha telezesha kidole kupunguza au kuongeza mwanga.

## Hatua ya 5: Ifanye mvua ionekane

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na sababu yake ni maumbile ya tone lenyewe. Tone la maji ni lenzi ndogo. Mwanga ukilipiga kutoka upande wako, sehemu kubwa hupita na kwenda zake, nawe unabaki ukiona kilicho nyuma ya tone. Mwanga ukitoka nyuma yake, hupindwa na kuelekezwa kwako, na tone linawaka. Kwa hiyo mvua inataka vitu viwili pamoja: nuru itokayo nyuma yake na giza la kuionyesha. Ukikosa kimoja, umekosa mvua.

1. Tafuta mandhari ya nyuma yenye giza. Mlango ulio wazi wa chumba kisicho na taa, miti minene, ukuta mweusi, gari jeusi, upande wa jengo ulio kivulini. Mvua mbele ya anga jeupe haitaonekana hata ikiwa ya gharika, maana weupe hauonekani juu ya weupe.

2. Simama ili upande angavu uwe mbele yako, ukikuelekea kwa mshazari. Si lazima jua. Taa ya barabarani, taa za gari, uwazi kati ya majengo mawili, au anga lenyewe likiwa nje ya fremu vyote vinafaa.

3. Chagua kasi ya shata kwa kuhesabu, usibahatishe. Tone la kipenyo cha milimita 2 huanguka kwa mwendo wa karibu mita 6.5 kwa sekunde. Shata ikiwa wazi kwa muda fulani, tone huchora mchirizi wa urefu huu:
   - 1/30: sentimita 22
   - 1/60: sentimita 11
   - 1/125: sentimita 5
   - 1/250: sentimita 2.6
   - 1/1000: milimita 6.5, karibu limeganda

   Kwa macho ya wengi, 1/60 hadi 1/125 ndiyo inayoonekana kama mvua hasa. Manyunyu ni tofauti: matone yake madogo huanguka polepole, mita 2 kwa sekunde au pungufu, hivyo shuka hadi 1/30 ili yaache mchirizi wowote.

   Usidhani kwamba ukizidi kupunguza kasi utapata mvua nyingi zaidi. Kwenye 1/8 kila tone hupita mahali pamoja kwa kitambo kidogo sana, huku mandhari ya nyuma yakiendelea kujaza mwanga juu yake. Michirizi inafifia na kuwa utando. Anayepiga kwa kasi ndogo kisha akashangaa mvua imekwenda wapi, imefutika hivyo.

4. Rudi nyuma na utumie lenzi ndefu, milimita 85 hadi 200. Lenzi ndefu hubana hewa yote iliyo kati yako na mtu, ikaleta pazia la mvua nyingi katika eneo dogo. Lenzi pana huonyesha matone machache makubwa yaliyo karibu, mengi yakiwa madoa. Kumbuka kushika imara: lenzi ya milimita 100 bila kituliza-mtikisiko inataka angalau 1/100, na hapo 1/125 inakuwa nzuri kwa pande zote mbili.

5. Zima flashi iliyo juu ya kamera. Itayamulika matone yaliyo sentimita chache mbele ya lenzi, na picha itajaa mipira meupe. Ukitaka flashi, itoe. Iweke nyuma ya mtu, mita 2 hadi 3, ifichwe na mwili wake, ikielekea kamera, kwa nguvu ya 1/16 ya uwezo wake. Ivike plastiki angavu na uiachie nafasi ya kupoa. Mmweko huo mfupi hugandisha matone hata kama shata ni ya polepole, na mtu anapata mstari wa nuru mabegani.

Kwa simu: tumia hali ya pro, ile inayokuruhusu kupanga mwenyewe, ikiwa ipo, uchague 1/60. Hali ya usiku iepuke mvua inaponyesha, kwa sababu huunganisha picha nyingi kuwa moja na kufuta kila kisichokaa mahali pake. Mvua ndiyo ya kwanza kufutwa. Simu ikiwa haina hali ya pro, msimamishe mtu mbele ya giza, punguza mwangaza kidogo na upige mfululizo wa picha 10. Mbili au tatu zitakuwa na michirizi.

Umefaulu ikiwa michirizi inaonekana picha ikiwa ndogo kwenye kioo, kabla hujaikuza.

## Hatua ya 6: Dhibiti fokasi

Fokasi ya kujiendesha hupenda kitu kilicho karibu chenye ukingo mkali, na tone la mvua ni hicho hasa. Kamera itahangaika mbele na nyuma kisha itulie juu ya maji, si juu ya uso.

Chagua nukta moja ya fokasi, iweke kwenye jicho au ukingo wa mwavuli, bonyeza nusu na ufunge. Ikiendelea kukataa, hamia fokasi ya mkono na upime umbali mara moja. Mtu akisimama alipo, huhitaji kuigusa tena.

Kagua kioo cha lenzi kila baada ya picha 5. Tone dogo halionekani kwenye kioo cha kamera; utaligundua nyumbani kama doa la ukungu lililokaa mahali pamoja kwenye picha 40. Likitua, lidonoe kwa ncha ya kitambaa kikavu badala ya kulisugua. Maji ya mvua hubeba vumbi, na vumbi huchora kioo.

## Hatua ya 7: Madimbwi, vioo na matone

Dimbwi. Ukilitazama ukiwa umesimama, unaona tope. Shusha lenzi hadi sentimita 3 hivi juu ya maji, na dimbwi la upana wa beseni litabeba jengo zima. Simu ina faida hapa: igeuze kichwa chini ili lenzi iwe upande wa maji.

Kosa la kawaida ni kuweka fokasi kwenye uso wa maji. Taswira haiko kwenye uso huo. Dimbwi likiwa mita 1 kutoka kwako na mti mita 6 kutoka kwenye dimbwi, taswira ya mti iko mita 7. Lenga fokasi kwenye taswira yenyewe. Ukitaka ukingo wa dimbwi pia uwe wazi, funga upenyo hadi f/11. Subiri upepo utulie, au la, achia tone moja litue na upige mawimbi yakiwa bado hayajafika kwenye kichwa cha jengo.

Kioo cha dirisha. Weka fokasi kwenye matone, upenyo f/2.8, nyuma kuwe na taa za rangi au watu wanaopita angalau mita 3 kutoka kwenye kioo. Zima taa ya chumbani, la sivyo utajipiga picha mwenyewe. Usisafishe kioo kwa ndani mpaka kiwe kikavu mno. Mvuke kidogo kwenye pembe unapendeza.

Tone kwenye jani. Sogea hadi mwisho wa uwezo wa lenzi, f/8, 1/250. Ndani ya tone mna picha ya kilicho nyuma yake, ikiwa imepinduliwa. Weka ua nyuma ya jani, sentimita chache, na tone litakuwa na ua ndani yake. Fokasi iwe kwenye ua hilo dogo, si kwenye ngozi ya tone.

Polaraiza. Majani yaliyolowa huwa na mng'ao mweupe unaoua ukijani. Zungusha filta huku ukitazama. Mng'ao utaondoka na rangi itakolea. Hula nusu hadi robo tatu ya mwanga, basi ongeza ISO. Kwenye madimbwi ivue, kwa sababu itafuta taswira uliyoifuata. Upinde wa mvua nao hutegemea jinsi ulivyoizungusha: upande mmoja unaukoleza, upande mwingine unaweza kuufuta. Upinde hutokea jua likiwa mgongoni mwako na chini, pungufu ya nyuzi 42 juu ya upeo. Kuuingiza mzima kunataka lenzi ya milimita 20 au fupi zaidi kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35.

## Hatua ya 8: Usiku

Ukiwa na siku moja tu ya mvua, itumie jioni. Lami kavu hunywa mwanga. Lami iliyolowa huurudisha. Taa moja nyekundu inakuwa mbili, na anga lile lililosumbua mchana kutwa sasa ni giza totoro, halikuombi chochote.

Anza dakika 15 hadi 20 baada ya jua kuzama, anga likiwa na ubuluu bado. Bila stendi: ISO 3200, f/2.8, 1/60 hadi 1/125. Simama upande wa barabara ambao taa ziko mbele yako, shuka magoti, na uache taswira kwenye lami ichukue nusu ya chini ya fremu. Pima mwangaza kwa taa, si kwa giza. Fidia ya −1 huzuia mabango na taa za magari kuwa matobo meupe. Mtu mwenye mwavuli akikatiza mbele ya taa atapigwa kama kivuli, na michirizi itaonekana palipo na nuru tu. Hilo si dosari.

Kwa stendi, kinyume chake: ISO 100, f/8, sekunde 4 hadi 10. Mvua itatoweka, magari yatabaki kama nyuzi za taa. Ning'iniza begi kwenye stendi upepo ukiwepo.

## Radi: lini uache

Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo. Kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mti si kimbilio, na stendi ya chuma kwenye uwanja mtupu ni hatari.

Radi yenyewe inapigika ukiwa ndani. Usiku, kamera kwenye stendi dirishani, fokasi ya mkono kwenye taa ya mbali, ISO 100, f/8, sekunde 15, moja baada ya nyingine bila kukoma. Huwezi kuiwahi kwa kidole. Acha shata wazi, radi ije yenyewe.

Maji yanayotiririka juu ya barabara usiyavuke kwa ajili ya picha. Huoni shimo lililo chini yake.

## Hatua ya 9: Kausha kabla ya kutazama picha

Hamu ya kuziona ni kubwa, lakini kamera iliyolowa haipaswi kufunguliwa.

1. Ikiwa ulikotoka ni baridi kuliko unakoingia, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 30 hadi 60 ipate joto polepole. Ukiitoa ghafla, mvuke utageuka matone juu yake, hata ndani ya lenzi.
2. Futa mwili kwa taulo la pamba ukiwa umeielekeza lenzi chini.
3. Ndipo uitoe kadi na betri, huku mikono ikiwa mikavu.
4. Simu: usiichaji mpaka tundu la chaji likauke kabisa. Itikise taratibu tundu likiwa chini, uiache penye hewa. Kikausha-nywele husukuma maji ndani zaidi.
5. Iweke kamera kwenye boksi la kufunga pamoja na silika usiku kucha. Begi lenyewe lianike likiwa wazi. Kamera iliyofungiwa kwenye begi bichi ndiyo inayoota kuvu kwenye lenzi, ile mitandao kama ya buibui ambayo fundi huiondoa kwa shida na wakati mwingine haiondoki.

## Hatua ya 10: Hariri kidogo

Picha nzuri ya mawingu hutoka kwenye kamera ikiwa imepooza kidogo. Hiyo ni kawaida. Tazama histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha kutoka weusi hadi weupe, utaona mlima uliojikusanya katikati huku pande zote mbili zikiwa tupu.

Anza na weusi. Vuta nukta ya weusi mpaka kivuli kimoja au viwili viguse mwisho wa kushoto. Mara nyingi hilo peke yake huondoa ukijivu. Kisha shusha sehemu angavu ili mawingu yarudi, ongeza ulinganuzi (tofauti ya giza na nuru) kidogo, na urekebishe joto la rangi kati ya 5500 na 7000 K kwa kutazama ngozi au ukuta mweupe. Kitelezi cha kukoleza maumbo kitumie juu ya mawingu na lami. Usoni kitamzeesha mtu miaka 20.

Kama rangi bado zinagombana, mwavuli wa bluu, taa ya njano, koti la kijani, jaribu nyeusi na nyeupe. Michirizi ya mvua huonekana vizuri zaidi hapo. Ila ikiwa bado kuna pembe ya anga jeupe juu kulia, ikate kwanza.